Nani Atalipa Kilichovunjwa?

Wako watu wazima, wenye ndevu na tasbihi, wakitajiwa mali iliyovunjwa katika ghasia husema: ule ulikuwa umma, hapana wa kudaiwa. Maneno haya ni batili. Umma hauna mkono. Mikono ni ya watu.

Aprili 1993 mabucha ya nyama ya nguruwe yalivamiwa Dar es Salaam, yakavunjwa. Ijumaa ya Oktoba 12, 2012, huko Mbagala, wilaya ya Temeke, mtoto alidaiwa kuukojolea Msahafu. Wakubwa wakaenda kuchoma makanisa na kuvunja magari. Hasira juu ya Msahafu naielewa. Lakini Msahafu huo huo, katika Suratul Anbiyaa, wataja hukumu ya Nabii Daudi na Nabii Suleiman juu ya kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wanaeleza kuwa Suleiman aliamua mwenye shamba apewe kondoo, anufaike kwa maziwa na sufi, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa. Wale ni kondoo, wala hawakutumwa. Sembuse mtu mwenye akili, aliyewasha kiberiti kwa mkono wake?

Atasema mtu: nguruwe hana thamani kwetu. Mahanafi wanasema Mwislamu akimharibia dhimmi nguruwe wake, hulipa. Sisi Mashafii hatusemi hivyo. Lakini je, mizani, meza na mabati navyo ni nguruwe? Hivyo havina khitilafu: aliyevunja hulipa. Na kufungwa jela hakumrudishii mwenye duka mlango wake.

Serikali nayo ina lake. Uingereza tangu 1886 aliyeharibiwa mali na wafanya ghasia aweza kufidiwa kutoka fedha za polisi, kwani kulinda amani ni kazi yao. Kwetu mahakama yaweza kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia. Asipokamatwa mtu, mwenye duka hubaki na majivu yake, na akitaka kuishitaki serikali hutangulia kutoa notisi ya siku 90. Machafuko ya Oktoba 29, 2025 yaliua watu, na vituo vya mafuta na vya mwendokasi vikachomwa. Sheria kama ile ya Waingereza yangojewa nini?

Lakini aliyerusha jiwe asingoje Bunge. Toba haifuti haki ya mja mpaka mwenyewe alipwe au asamehe. Na kama mwenye bucha la 1993 amekwisha kufa, watafutwe warithi wake.