Mashine ya Kadi na Daftari la Duka



Ndugu wasomaji, na khasa nyinyi vijana mnaoanza kushika biashara za wazee wenu, huenda mwezi huu mkastaajabu kumwona mwalimu wa chuo akiingilia mambo ya mabenki. Mimi ni mtu wa msahafu na ubao. Kadi ya benki sijapata kuwa nayo maishani mwangu, wala siitamani. Lakini jambo hili lilinijia mpaka barazani kwangu, na aliyekuja nalo ni mwanafunzi wangu wa zamani, basi sikuwa na njia ya kumwambia aende kwingine.

Alikuja baada ya sala ya alasiri, yeye na dada yake. Wana duka dogo hapa Mji Mkongwe, Unguja. Wauza viungo, vikapu vya ukindu, kanga, na makasha madogo ya mbao. Wanunuzi wao wengi ni wageni. Akanambia, "Maalim, kila siku twapoteza wateja. Mgeni achagua vitu, avipanga juu ya meza, kisha auliza kama twapokea kadi. Tukisema hatupokei, asema atarudi, naye harudi." Kisha akatoa karatasi kurasa sita, zimeandikwa kwa Kiingereza kwa herufi ndogo mno. Palikuwa na mtu aliyekuja kuwauzia mashine ya kadi, na alitaka itiwe saini kesho yake asubuhi. Kijana alikuwa tayari. Dada yake ndiye aliyesema, "Tumwonyeshe Maalim kwanza." Nikawaambia waniachie karatasi ile kwa juma moja, nami nikaenda kuwauliza wanaoijua kazi hii. Haya niandikayo ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yapasa tufahamu kadi yenyewe ni kitu gani. Mnamo Septemba 1958 benki moja ya Marekani, Bank of America, iliwapelekea watu wa mji wa Fresno, California, kadi zipatazo 60,000, wengi wao bila ya kuziomba, wapate kununua madukani kwa ahadi ya kulipa baadaye. Kadi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Visa katika mwaka 1976. Tangu mwanzo gharama ya mpango huu haikuwekwa mbele ya macho ya mnunuzi. Mwenye duka ndiye aliyekatwa kidogo katika kila mauzo, na hata leo ni hivyo hivyo. Mgeni akiingiza kadi katika mashine, mashine huiuliza benki ya mwenye duka, nayo huuliza kwa njia ya Visa au Mastercard benki ya mgeni huko kwao, na jibu hurudi kwa nukta chache tu. Benki ya mgeni yachukua fungu lake, wenye njia wachukua lao, na benki au wakala aliyekupa mashine naye achukua lake. Yanayobaki ndiyo yako.

Mafungu hayo hayalingani. Huko Ulaya sheria ya 2015 iliweka mpaka kwa kadi za huko zinazotumiwa huko huko: fungu la benki ya mnunuzi lisizidi 0.2 kwa mia kwa kadi inayokata fedha iliyomo katika akaunti, wala 0.3 kwa mia kwa kadi ya mkopo. Lakini kadi iliyosafiri na mwenyewe kuvuka bahari kwa kawaida huwa na gharama kubwa zaidi. Kwa hiyo mtu akija dukani akasema mashine yake hukata "kuanzia" kadhaa kwa mia, muulizeni juu ya hilo neno "kuanzia". Mara nyingi ni bei ya kadi za hapa nyumbani, na wanunuzi wa vijana hawa ni Wataliani na Wajerumani.

Kijana alikuwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni mashine isiyo na kodi ya mwezi, ila yakata 3.5 kwa mia. Ya pili, ile ya karatasi, yakata 2.5 kwa mia, na juu yake kodi ya shilingi 60,000 kila mwezi, kwa miaka mitatu. Kijana aliona 2.5 ni ndogo kuliko 3.5, akakata shauri. Nikamwomba dada alete daftari, kwani yeye ndiye mwenye kuandika. Akalileta limefungwa kwa kitambaa, safi, kila siku na mauzo yake. (Wallahi, laiti wanafunzi wangu wote wangeandika hivyo!)

Daftari lilisema tusilolisema sisi. Biashara ya Unguja ina misimu kama ilivyo bahari. Kuanzia Juni mpaka Septemba wageni ni wengi, na tena mwisho wa mwaka. Masika ikinyesha, Aprili na Mei, mtu aweza kukaa dukani kutwa asione sura ngeni. Tukakisia kuwa katika miezi mitano mizuri wangeuza kwa kadi 9,000,000 kila mwezi, katika miezi minne ya wastani 4,000,000, na katika miezi mitatu mibaya 1,200,000. Mwezi mzuri ile ya 3.5 ingekata 315,000, na ile ya kodi ingekata 285,000. Hapa kijana akatabasamu. Mwezi mbaya ile ya kwanza ingekata 42,000, na ya pili 90,000, kwani kodi haijui masika. Tukajumlisha mwaka mzima: ya kwanza 2,261,000, ya pili 2,335,000. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali, kwa shilingi 74,000. Mpaka wenyewe ni mauzo ya kadi ya 6,000,000 kwa mwezi: juu ya hapo kodi yafaa, chini ya hapo yala mtaji. Duka jingine lenye mauzo ya namna moja mwaka mzima lingepata jibu jingine, nami simwambii kila mtu afuate hili letu. Namwambia alete daftari lake.

Wala msiidharau hiyo 3.5. Katika bidhaa za shilingi 100,000 vijana hawa hupata faida kama 12,000. Ikikatwa 3,500, zaidi ya robo ya faida imekwenda. Ndiyo maana nikasema mwenyeji asiulizwe kadi. Mwenyeji alipe kwa fedha taslimu, au kwa simu kwa Lipa Namba, na mashine iwe ya mgeni asiye na njia nyingine. Na huko kwenye simu pia jihadharini: msitazame ujumbe katika simu ya mnunuzi, kwani ujumbe hughushiwa, tazameni katika simu ya duka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kijana hakulijua kabisa. Mashine ikitoa karatasi iliyoandikwa kuwa malipo yamekubaliwa, hiyo ni ruhusa tu. Fedha bado haijafika. Huja baada ya siku, pengine moja, pengine tatu, kwa jinsi mkataba ulivyo. Na hata ikifika, yaweza kurudishwa. Mwenye kadi ana haki ya kwenda kwa benki yake akasema, "Mimi sikununua kitu hiki," au "Nilinunua, sikuletewa." Muda wa kudai, mara nyingi, ni kiasi cha siku 120. Benki yake ikimkubalia, fedha hutolewa katika akaunti ya mwenye duka, na juu yake huongezwa faini.

Jirani yao katika mtaa ule ule yalimfika hayo. Aliletewa agizo kutoka ng'ambo la makasha mawili makubwa ya njumu. Mnunuzi akalipa kwa kuandika namba za kadi katika intaneti, fedha ikaingia, makasha yakapakiwa katika ndege. Baada ya kama miezi miwili benki ikaitoa fedha ile. Kadi ilikuwa ya mtu mwingine, namba zake ziliibiwa. Akakosa makasha, akakosa nauli, akalipa na faini. Kadi ikiingizwa mashinani mbele yako, na mwenyewe akaandika namba yake ya siri, kwa kawaida hatari ya namna hiyo haikuangukii wewe. Kadi isiyoonekana ndiyo yenye kuangusha maduka. Anayetaka kuuza ng'ambo na aulize kama wakala wake ana ule uchunguzi ambao benki ya mnunuzi humhakikisha mwenye kadi kwa simu yake kabla ya kulipa. Kama hana, bora kuacha.

Na namba za kadi ya mtu ni amana. Nimesikia kuna vijana wa dukani huzipiga picha kwa simu "kwa ajili ya kumbukumbu". La hasha! Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi haziruhusiwi kabisa kuwekwa baada ya malipo, kwa kanuni za wenye kadi wenyewe, achilia mbali dini.

Dada aliuliza suala ambalo nilikuwa nalingoja: je, kukatwa huku si riba? Watu wa elimu wamelitazama. Taasisi ya AAOIFI iliyoko Bahrain, ambayo yaandika kanuni za sharia kwa mabenki ya Kiislamu, imeruhusu benki itoayo kadi kuchukua ujira kwa mwenye duka kwa kiasi cha kadhaa katika mia ya bei. Kanuni hiyo hiyo yakataza kadi inayomtoza mwenyewe riba juu ya deni analolichelewesha. Lakini hilo ni baina ya mgeni na benki yake, na mwenye duka hakopeshi mtu, yeye auza na kupokea bei yake. Nikawaonyesha, hata hivyo, ukurasa wa tano wa ile karatasi. Palikuwa na ahadi ya kumpa mwenye duka fedha mbele, kisha zikatwe katika mauzo yake pamoja na nyongeza. Kijana hakuwa amefika ukurasa wa tano. Hiyo ndiyo riba, imekaa kimya mwisho wa karatasi.

Lakini lililonikosesha usingizi usiku ule si kodi wala faini. Lilikuwa katika ukurasa wa kwanza, pale pa kuandika jina la akaunti itakayopokea fedha. Kijana alikwisha andika jina lake.

Nikamwuliza, "Mtaji wa duka ulitoka wapi?" Akasema, "Mama aliuza bangili zake." Nikamgeukia dada, "Na wewe walipwa mshahara?" Akacheka. Yuko dukani tangu 2019, hana mshahara wala hana fungu lililoandikwa. Zamani fedha ya duka ilikaa sandukuni. Mama akipita aliliona sanduku, dada alijua limejaa au tupu, na kila mtu alikuwa shahidi. Malipo ya kadi na ya simu hayana sanduku. Huingia katika jina la mtu mmoja, na mlio wa simu yake ausikia peke yake. Kijana huyu si mwizi, namjua tangu alipokuwa akisoma alifu-be-te. Lakini ana mke na mtoto wa kiume. Siku Mwenyezi Mungu akimchukua, iliyo katika akaunti yake ni mirathi yake, mpaka atokee mtu wa kuthibitisha vingine. Mama atapata sudusi ya mali iliyotoka mikononi mwake mwenyewe. Dada, kwa kuwapo mtoto wa kiume, hatarithi kitu. Na sharia haitakuwa imekosea hata kidogo, kwani hakuna aliyeiambia kuwa fedha ile si yake peke yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni na kuweka mashahidi, nasi twaisomesha watoto kila mwaka.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akakata jina lake kwa kalamu.

Wakaenda kwa mama yao jioni ile, wakamwuliza bangili zile zilikuwa mkopo, au zawadi, au fungu. Kumbe yeye hakupata kuulizwa hata siku moja. Akasema, "Sikumpa mtu. Nilitia dukani." Basi imeandikwa: nusu ya duka ni ya mama, na nusu wagawane ndugu wawili, na dada alipwe kila mwezi kwa kazi yake. Wameshuhudia watu wawili wa mtaani, nami ni mmoja wao. Akaunti imefunguliwa kwa jina la duka, haitoki fedha bila ya saini mbili, na Lipa Namba imeandikishwa kwa jina hilo hilo. Mashine waliyoichukua ni ile isiyo na kodi. Mwaka ukiisha watalifungua daftari tena waone kama mauzo yamepita ule mpaka.

Yule mwenye karatasi ya miaka mitatu amepiga simu mara mbili. Dada alimwambia alete nyingine ya mwaka mmoja, isiyo na ukurasa wa tano, na iwe kwa Kiswahili. Mpaka naandika haya hajarudi.