Vitabu Vitatu vya Kifo cha Lumumba



Muhula huu Chama chetu cha Historia kiliuza maharage ya shamba lake, na fedha iliyopatikana yatosha kununua vitabu vitatu. Tumekubaliana vyote vihusu kuuawa kwa Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo. Lakini wenzangu wengi wataka vitabu vyenye kusema neno moja. Mimi napinga, na sababu yangu ni aibu iliyonipata mwenyewe.

Katika mdahalo wa mwezi uliopita nilisimama kifua mbele nikasema kwamba Lumumba alitoroka kifungoni, akauawa na wanakijiji. Nilikuwa nimeyasoma hayo katika kitabu kikuukuu cha kabati letu, wala sikutazama kilipigwa chapa mwaka gani. Mwalimu alinisahihisha mbele ya shule nzima. Maneno hayo yalitangazwa na serikali ya Katanga tarehe 13 Februari 1961, na jina la kijiji likafichwa. Kumbe Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, walikuwa wamekwisha pigwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, tume ya Umoja wa Mataifa iliikataa hadithi ya wanakijiji.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini kitabu kikikaa kabatini bila mwenzake, njia hiyo hurefuka hata ikafika Karagwe baada ya miaka sitini na zaidi. Nami nilikuwa mchukuzi wake! Niliwasingizia watu wa kijijini, watu kama wazazi wetu wa hapa Karagwe na Kyerwa, wasio na nafasi ya kuandika kitabu cha kujitetea.

Kwa hiyo nashauri tununue vitabu vinavyopingana. Cha kwanza ni taarifa ya mwaka 1975 ya kamati ya Seneti ya Marekani, iliyoongozwa na Frank Church. Yakiri kwamba shirika la ujasusi, CIA, lilipeleka sumu Kongo, ila haikuona ushahidi kuwa Marekani ndiyo iliyomwua. Cha pili ni cha Mbelgiji Ludo De Witte, kilichotoka mwaka 1999, ambacho chailaumu vikali serikali ya nchi yake mwenyewe. Baada yake Bunge la Ubelgiji liliunda tume, na mwaka 2002 serikali ikaomba radhi. Cha tatu ni cha Larry Devlin, aliyekuwa mkuu wa CIA huko Kongo, kilichotoka mwaka 2007. Yeye asema aliipokea sumu, lakini hakuitumia.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Ya nini kununua maneno ya mshitakiwa?" Namjibu hivi: hata wazee wa kijiji hawaamui kesi ya mpaka wa migomba kabla ya kuwasikia wote wawili. Kumsikiliza mtu si kumsadiki.

Nawaombeni wanachama, siku ya kura tuulize kila kitabu: nani kakiandika, mwaka gani, naye alikuwa na nini cha kuficha? Na kile kikuukuu kisitupwe. Kiwekwe karibu na hivyo vitatu, ili watakaokuja baada yetu waukute uongo na jibu lake katika kabati moja.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne