Kizibo cha Jino Kipimwe Kabla ya Kutiwa Kinywani

Ni wachache miongoni mwetu waliowahi kumwuliza daktari wa meno habari za kile kitu anachokishindilia ndani ya gego baada ya kulichimba na kulisafisha: kimetoka wapi, kimechanganywa na nini, na ni nani aliyehakikisha kwamba kitastahimili miaka ya kutafuna. Wala mgonjwa hana lawama, kwani aliyeketi kinywa wazi na taya imekufa ganzi hana fursa ya kuhoji wala elimu ya kupambanua. Lakini daktari naye hakukitengeneza kitu kile. Amekipokea kikiwa ndani ya kichupa, na dhamana aliyo nayo aghalabu ni maandishi ya kiwanda yaliyobandikwa ubavuni mwake. Rai yangu ni kwamba dhamana hiyo haitoshi, na kwamba serikali zetu, zinunuapo vifaa vya kuzibia meno kwa fedha za umma, ziwe na desturi ya kutwaa sampuli kutoka ghalani na kuzijaribu maabarani, tena katika hali ya joto inayofanana na ya zahanati zetu.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1919 jeshi la Marekani, lililokuwa likinunua amalgamu kwa ajili ya meno ya askari wake, liliitaka Ofisi ya Taifa ya Viwango ya nchi hiyo iweke kanuni za kuipima na kuichagua, na kazi hiyo ikamwangukia mwanafizikia Wilmer Souder. Amalgamu ni mchanganyiko ambao karibu nusu yake ni zebaki, na sehemu iliyobaki ni madini ya fedha, bati na shaba. Ikinywea kupita kiasi wakati wa kuganda huacha mwanya kandokando ya tundu, mate na vijidudu vikapenya humo, na ikivimba kupita kiasi hutokeza nje na huweza kulitia jino maumivu. Souder aliyapima mambo hayo kwa vyombo badala ya kutegemea sifa za wauzaji, na kabla miaka ya 1920 haijaisha chama cha madaktari wa meno wa Marekani kilikuwa kimekwisha kuungana na ofisi ile katika utafiti huo. Ibra iliyomo ni bayana: mnunuzi ndiye aliyeanza kutaka ithibati, na kipimo kikawa juu ya neno la muuzaji.

Hebu tutazame kipimo kimoja kwa karibu, nacho ni cha saruji ya glasi-ayonoma, iliyobuniwa na Alan Wilson na Brian Kent katika maabara ya Mkemia wa Serikali mjini London na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Unga wa kioo huchanganywa na majimaji ya tindikali, ukashindiliwa katika kalibu ya mviringo yenye upana wa milimita 4 na kimo cha milimita 6. Ukiisha kuganda huwekwa majini katika joto la mwili, nyuzi 37, mpaka itimie siku nzima, ndipo kipande kile kisimamishwe baina ya vyuma viwili vya mtambo na kubanwa polepole hata kipasuke. Kanuni ya kimataifa yataka saruji ya kuzibia istahimili megapaskali 100 kwa uchache, maana yake kipande hicho, ambacho ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kibebe kani iliyo sawa na uzito wa kilo 128 hivi, zaidi ya gunia la mahindi.

Walakini kanuni hiyo hiyo yaagiza kwamba kuchanganya kufanywe katika chumba chenye joto la nyuzi 23, ilhali chumba cha zahanati huko Lindi au Lamu, mwezi wa Februari adhuhuri, hupita nyuzi 30 pasipo taabu. Joto huharakisha kuganda, na mhudumu aonapo saruji inamkaukia juu ya kibao hushawishika kuongeza tone la majimaji ili ilainike, na kila tone linalozidi huidhoofisha. Hati ya kiwanda haina habari za tone hilo.

Haja imezidi siku hizi, kwa sababu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuhusu zebaki, ambao Tanzania na Kenya zimo, waelekea kuiondoa amalgamu, na mwaka 2022 wanachama waliafikiana isitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 15, wala kwa waja wazito na wanaonyonyesha, ila pale daktari aonapo dharura. Badala yake ndizo hizo saruji na vizibo vyeupe. Nasi hatuna udhuru wa kuliona jambo hili kuwa la wageni, maadamu njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba kwa saruji yenye kunata, pasipo umeme, ilianzishwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken akiwa miongoni mwa waasisi wake, kisha ikaenea ulimwenguni.

Atakuwapo wa kusema kwamba maabara si kinywa, na kwamba kitu kilichofuzu mtamboni chaweza kushindwa menoni. Ni kweli; lakini maabara hutuonyesha mapema kizibo kisichofaa hata kujaribiwa, nayo hiyo si faida haba. Wa gharama naye ajibiwe kwamba mitambo ya kugandamiza si migeni katika vyuo vyetu vya uhandisi, na kalibu ya milimita 6 haifilisi hazina.

Basi mamlaka zenye kusimamia vifaa tiba, shule za udaktari wa meno na vyuo vya uhandisi washirikiane: sampuli zipimwe kila shehena iingiapo, matokeo yatangazwe pasipo kumstahi muuzaji, na namba ya toleo la kila kizibo iandikwe katika kadi ya mgonjwa, ili kikivunjika kabla ya wakati wake ijulikane ni nani wa kuulizwa.