Mstaafu si mpira wa danadana



Mnamo Novemba 2025 alifika ofisini kwetu mzee mmoja wa Silanga, kule Kibera inakoteremkia Bwawa la Nairobi, akiwa na bahasha ya kaki iliyochakaa kwa kushikwashikwa. Ndani yake mlikuwa na barua ya kustaafu, bili ya hospitali na majibu mawili ya kukataliwa. Mzee huyu alimtumikia mwajiri mmoja kwa miaka 31. Barua yake yaahidi kwamba mwajiri ataendelea kumgharimia matibabu yeye na mkewe, "pungufu ya kiasi kinacholipwa na bima ya serikali". Yashikeni maneno hayo ya mwisho, kwa maana ndimo nyoka alimojificha.

Mkewe alilazwa siku 11 katika hospitali ya ngazi ya nne. Bima ya serikali, ambayo kiwango chake katika ngazi hiyo kilikuwa shilingi 3,360 kwa siku, ilijibu kwamba mzee si mwanachama hai, kwa hiyo haitalipa hata senti. Mwajiri naye akajibu kwamba yeye hulipa kinachobaki baada ya serikali. Akakata shilingi 36,960 kana kwamba serikali imekwisha kuzilipa. Fedha hizo hazikulipwa na serikali wala na mwajiri. Zililipwa na washirika wa kanisa lake kwa harambee ya Jumapili mbili, watu ambao wengi wao hawajapata kuandikiwa barua ya ajira maishani mwao.

Ilikuwaje mtu aliyekatwa mshahara miaka yote akaonekana mgeni siku alipougua mkewe? Jibu limo katika mpango wenyewe. Hazina ya zamani ya bima ya hospitali, NHIF, ilianzishwa mwaka 1966. Nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wananchi huiita SHA, kwa Sheria Nambari 16 ya mwaka 2023, na kazi ikaanza tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kila mwezi, na mwajiri ndiye mpelekaji. Asiye na mshahara huhesabiwa kwa kaya: huulizwa maswali juu ya paa, choo na maji anayokunywa, kisha hukadiriwa kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, naye hutakiwa kukilipa chote cha mwaka mzima kwa mkupuo. Baadaye serikali ilileta mpango iliouita Lipa SHA Pole Pole. Maana yake ni kwamba mwananchi akope ili apate ruhusa ya kuugua.

Sasa mtazameni mstaafu. Siku mshahara unapokoma, mwajiri humfuta katika orodha yake. Upande wa pili hakuna anayempokea. Yeye mwenyewe hudhani kwamba yungali mwanachama, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa amehamishwa kutoka kundi moja kwenda jingine. Pensheni yake huingia kila mwezi, nayo ingeweza kukatwa kila mwezi. Lakini sheria haiitambui kuwa mshahara. Hivyo mtu mwenye kipato kinachojulikana hadi senti huulizwa juu ya choo.

Tumeipitia sheria hiyo na kanuni zake za mwaka 2024. Jinsi ya kukusanya imeelezwa kwa urefu. Kifungu cha kusema nani alipe kwanza na nani afuate, pale mstaafu anapokuwa na ahadi ya mwajiri, hatukukiona. Pengo hilo limejazwa na mawakili wa waajiri kwa maneno "pungufu ya". (Twaijua kazi hiyo, tumesoma nao darasa moja.)

Tusiambiwe kwamba jambo hili ni gumu mno. Nchini Marekani bima ya serikali ya wazee, Medicare, ilianzishwa kwa sheria mwaka 1965. Kwa mstaafu aliyefika miaka 65, kanuni ni wazi: serikali hulipa kwanza, mpango wa mwajiri wa zamani hulipa wa pili. Na aliyekwisha kuanza kupokea pensheni ya serikali huandikishwa katika bima hiyo bila ya kuomba. Hatuyasemi haya kwa kuisifu nchi hiyo, ambayo mamilioni ya watu wake hawana bima yoyote. Twasema tu kwamba hata huko walitambua kuwa mzee hapaswi kuwa mpatanishi wa makarani wawili.

Hapa kwetu Bunge lilipowakumbuka wastaafu liliwakumbuka kwa namna yake. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 sheria ya kodi imemruhusu mfanyakazi kuweka hadi shilingi 15,000 kwa mwezi katika hazina ya matibabu ya baada ya kustaafu bila ya kutozwa kodi. Shilingi 15,000 kwa mwezi! Katika Silanga wapo walinzi na wafagiaji ambao hiyo ndiyo riziki ya nyumba nzima. Aliyeandika kifungu hicho alikuwa akimfikiria jirani yake.

Na Kibera si mahali pa kufundishwa habari za ahadi kwa wastaafu. Mji huu ulianza kama makao ya askari Wanubi walioitumikia Uingereza. Hawakupewa pensheni, walipewa ruhusa ya kukaa. Wajukuu wao walingoja hadi mwaka 2017 kupata hati ya ekari 288, sehemu ndogo ya ardhi ya mwanzo. Ahadi isiyo na kifungu huzeeka pamoja na aliyeahidiwa.

Watakuwapo wa kusema kwamba tukiwabana waajiri wataziondoa ahadi zao kabisa. Hoja hiyo haina miguu. Serikali ikitangulia kulipa, mzigo wa mwajiri hupungua. Tunachokataa ni mwajiri kujipunguzia kwa fedha ambazo hakuna aliyezilipa. Tena matibabu ya uzeeni si sadaka. Ni sehemu ya ujira iliyowekwa akiba, ambayo mfanyakazi aliitolea jasho. Katiba ya 2010 nayo, katika Ibara ya 43, yatoa haki ya afya na ya hifadhi ya jamii kwa kila mtu, na Ibara ya 57 yawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao na Dola. Jamaa wanatunza, harambee ni shahidi. Dola iko wapi?

Twalitaka Bunge liandike kwamba uanachama wa mfanyakazi hautakatika siku ya kustaafu. Kwamba mchango utatolewa katika pensheni mwezi kwa mwezi. Kwamba bima ya serikali italipa kwanza na mwajiri atafuata. Na kwamba mwajiri hatapunguza ila kile ambacho serikali imekilipa kweli.

Kila mwenye barua ya kustaafu yenye maneno "pungufu ya bima ya serikali", au mengine ya maana hiyo, ampe nakala mzee wa kanisa lake kabla ya mwisho wa mwezi. Anayehofia pensheni yake na alifute jina kwa kalamu. Sisi twahitaji kifungu.