UPS ikilia Nyamisati, usikimbilie kununua mpya

MFANYABIASHARA wa kambamiti pale Nyamisati anajua kwamba hasara huanza mzigo ukiwa bado kwenye mizani. Umeme ukikatika na kompyuta yenye hesabu za wavuvi ikazimika, ubishi wa kilo huanza hapo hapo, na barafu haisubiri ubishi uishe. Kwa ajili hiyo hununua UPS. Baada ya mwaka mmoja na nusu huitupa, akisema aliuziwa kifaa kibovu.

Maoni yetu ni kwamba mara nyingi anatupa mashine nzima kwa kosa la betri. Betri ya volti 12 iliyomo katika UPS nyingi za ofisi ndogo huishi miaka 3 hadi 5 katika joto la nyuzi 25. Joto likizidi kwa nyuzi 10, umri huo hupungua karibu nusu. Chumba cha bati katika delta ya Rufiji, saa nane mchana, kinapita hapo bila shida, na hewa ya chumvi nayo inakula vichwa vya betri.

Kupima hakuhitaji fundi. Ichaji usiku kucha, chomeka taa ya wati 60 badala ya kompyuta, kisha chomoa waya wa ukutani na utazame saa. Ikizimika ndani ya dakika moja au mbili, betri imekwisha. Mita isikudanganye: betri iliyochoka huonyesha volti 12 na ushei ikiwa haina mzigo, kisha huanguka mara inapopewa kazi.

UPS inayolia huku taa za nyumba zinawaka ni jambo jingine. Umeme uliopita nguzo nyingi hufika umechoka. Kifaa kikiona volti zimeshuka mno hurukia betri, hurudi, hurukia tena, hadi betri inakauka. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme Februari 2024 katika mto huu huu, lakini wingi wa umeme bwawani haunyooshi volti za mwisho wa laini. Hapo dawa ni stabilaiza ya kutuliza volti, iwekwe kabla ya UPS.

Na wanaochomeka friza? Mota ya friza inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na UPS ndogo hubeba wati 400 tu au pungufu. Itazimika, na pengine itaungua. Samaki ni wa barafu.

Wauzaji nao wana lao. Betri iliyolala dukani miezi mingi bila kuchajiwa huanza kufa kabla haijauzwa, kwa hiyo uliza tarehe kabla ya kulipa. Fundi akisema mashine nzima imekufa, mwambie kwanza aazime betri nzima ya UPS ya jirani na kuijaribu mbele yako.