Kompyuta Bubu

Wapo walimu wenzangu, na wazazi pia, wasemao kwamba kumfundisha kijana kuunganisha spika ndogo kwenye kompyuta ya ubao mmoja ni kupoteza wakati. Spika zilizo tayari zimejaa madukani, wanasema. Nunua, chomeka, basi. Mimi naipinga kauli hiyo, na sababu ninazo.

Kwanza tukumbuke kompyuta hizi zilibuniwa kwa ajili gani. Raspberry Pi ilipoanza kuuzwa Februari 2012, wabunifu wake wa Cambridge, Uingereza, walikuwa wamechoshwa na jambo moja: vijana walioomba kusomea kompyuta chuoni walijua kuitumia mashine, lakini hawakujua kuiamuru. Wakaunda ubao wenye ukubwa wa kadi ya benki, kwa dola 35, pini zake zikiwa wazi ili kijana azifikie. Kumpa kijana ubao huo na kumzuia asiziguse pini ni kumpa jembe na kumnyima shamba.

Pili, spika yenyewe ni mwalimu. Mwanafunzi mgeni hudhani ataifunga moja kwa moja kwenye pini. Hapo ndipo kanuni ya Ohm, aliyoikariri kwa ajili ya mtihani, inapomdai. Pini hutoa volti 3.3, spika ina ukinzani wa omu 8. Agawanye, aone: spika ingevuta kiasi cha miliampia 410, na pini haifai kubebeshwa zaidi ya 16 hivi. Pini yaweza kuungua! Ndiyo sababu katikati huwekwa kikuza sauti, mathalani kibao kiitwacho MAX98357A. Nyaya mbili hukiletea umeme. Tatu hukiletea sauti ikiwa bado ni tarakimu, nacho huigeuza kuwa mkondo wa kuitikisa spika. Kijana aliyelehemu nyaya hizo kwa mkono wake hatahitaji kukumbushwa kanuni ile.

Raspberry Pi 5 ilipotoka mwaka 2023 bila tundu la visikilizio lililokuwamo katika matoleo mengi yaliyotangulia, wengi walinung'unika. Mimi sikunung'unika. Mlango mmoja umefungwa, lakini pini 40 zingalipo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, yuko mwanafunzi asiyeona. Kwake yeye skrini ni ukuta. Ipo programu ya bure, eSpeak NG, isomayo maandishi kwa sauti, hata ya Kiswahili. Sauti yake ni kavu, nakubali, lakini yaeleweka. Bila spika, programu hiyo ni mdomo ulioshonwa. Je, hiyo nayo tuiite anasa?

Wataniambia kwamba mtihani hauulizi mambo ya spika. Ni kweli. Lakini mtihani hauulizi pia kama mwanafunzi anaweza kutengeneza kitu kilichoharibika, na maisha humwuliza kila siku. Tumezalisha vijana wengi wa kuchomeka. Kitu kikinyamaza, nao hunyamaza pamoja nacho.

Wazee walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mwalimu mwenzangu, usimnunulie mwanafunzi wako sauti iliyofungwa katika boksi. Mpe spika tupu, kikuza sauti, waya na chuma cha kulehemia, kisha kaa kando, umwache aifundishe mashine yake kusema.