WATU WA KWETU: Dakta Salim na Viti Viwili

Safu ya mwaka huu inamhusu Dakta Salim Ahmed Salim wa Zanzibar, kwani vijana waliozaliwa huku hawamjui, na baadhi ya wazee wanamlaumu.

Alizaliwa 1942. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alipelekwa Misri kuwa balozi. (Vijana wetu wa umri huo bado wanaazima gari la baba.) Akapita India na China, na 1970 akaja Umoja wa Mataifa, New York, akakaa miaka kumi. Mwaka 1971 aliipigania China ya Peking ipewe kiti chake. Ilipokipata, wajumbe wa Afrika walishangilia ukumbini, naye akiwamo. Marekani haikupendezwa, wala haikusahau.

Mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu, na 1981 akagombea Ukatibu Mkuu dhidi ya Kurt Waldheim. Duru ya kwanza Salim alipata kura 11, Waldheim 10. Lakini katika Baraza la Usalama kura moja ya turufu huangusha zote. Marekani ikamkataa Salim, China ikamkataa Waldheim, duru kwa duru hadi 16, kwa zaidi ya mwezi. Mwisho wote wawili wakajiweka kando, na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Uwaziri Mkuu wake wa Tanzania, 1984 hadi 1985, tuupite. Lawama za wazee ni za kiti kingine. Tangu 1989 hadi 2001 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, huko Addis Ababa. Katika miaka hiyo Burundi iliwaka 1993, Rwanda 1994, Kongo 1996, na familia nyingi za kitabu hiki zikabeba watoto na sufuria zikakimbia. “Alikuwa wapi?” huulizwa barazani.

Swali ni la haki. Ila Katibu hakuwa na jeshi, na mkataba wa 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwanachama. Rwanda Umoja ulipeleka kikundi kidogo tu cha wanajeshi waangalizi. Mwaka 1993, mjini Cairo, marais walikubali kuunda chombo cha kuzuia migogoro, jambo alilolisukuma sana yeye. Mkataba mpya uliopitishwa Lomé mwaka 2000 ndio ulioruhusu kuingilia kati panapotokea mauaji ya kimbari. Kwa maiti zetu ulichelewa. Hata hivyo naona deni kubwa ni la marais walioupenda ule mkataba wa zamani kwa sababu uliwalinda wao.

Tangu 2023 nyaraka zake zimewekwa kwenye intaneti. Vijana, wasomeeni wazee, kisha tuendelee kubishana.